Msawazo wa Mwili na Usahihi wa Shabaha: Historia Fupi ya Mafunzo ya Askari na Polisi, 1853–2008

Historia ya mafunzo ya shabaha imeandikwa zaidi kama historia ya silaha. Bunduki ilipobadilika, mafunzo yaliandikwa upya. Lakini mwili wa aliyeishika, na uwezo wake wa kusimama bila kuyumba, haukupewa uzito huo. Makala haya yanafuatilia suala hilo kuanzia jeshi la Uingereza hadi tafiti za Finland. Hoja yake kuu ni kwamba mafunzo ya kijeshi yalijenga usahihi juu ya mwili ulioegemezwa ardhini, ilhali kazi ya polisi humtaka mtu apige shabaha akiwa amesimama.

Mwaka 1853 Uingereza ilianzisha chuo cha mafunzo ya shabaha mjini Hythe, katika jimbo la Kent. Vita vya Makaburu vya 1899–1902 vilifichua udhaifu wa askari wake mbele ya wakulima waliozoea kuwinda, na mafunzo yakatiliwa mkazo upya. Kufikia 1914 askari wa miguu alitarajiwa kufyatua risasi 15 za kulenga kwa dakika moja, katika umbali wa yadi 300, yaani mita 270 hivi. Zoezi hilo lilifanywa akiwa amelala kifudifudi, viwiko vikiwa vimeegemea ardhi. Kwa njia hiyo tatizo la kuyumba halikutatuliwa, bali liliepukwa. Kwa askari aliyepigana na adui wa mbali, hilo lilitosha.

Kwa polisi wa mjini halikutosha. William Ewart Fairbairn, aliyejiunga na Polisi wa Manispaa ya Shanghai mwaka 1907, alibaini kwamba mtu anayeshambuliwa kwa karibu huinama na kukunja magoti bila kuamriwa. Badala ya kupambana na silika hiyo, aliifanya kuwa msingi wa mafunzo ya bastola: mwili umkabili adui, magoti yakunjwe, risasi itoke upesi. Mwaka 1942 yeye na Eric Anthony Sykes walieleza mbinu hizo katika kitabu Shooting to Live. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jack Weaver, askari wa idara ya sherifu ya Los Angeles, alitumia mikono miwili katika mashindano ya California, mmoja ukisukuma bastola na mwingine ukiivuta, huku mguu mmoja ukiwa mbele. Jeff Cooper aliueneza mkao huo. Mbinu zote mbili zilitokana na uzoefu; hakuna iliyojengwa juu ya vipimo vya mwili.

Vipimo vilikuja baadaye. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulilinganisha walenga shabaha mahiri na watu wasio na uzoefu, na ukaonyesha kwamba mahiri huyumba kidogo zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 2007, uliowahusu walenga shabaha wasio na uzoefu, ulibaini kwamba msawazo wa mwili unahusiana na usahihi, kwa sehemu kupitia utulivu wa bunduki yenyewe. Tahadhari inahitajika hapa: uhusiano si uthibitisho kwamba mazoezi ya msawazo peke yake huongeza usahihi.

Uzito wa suala hili kwa jamii ulidhihirika mwaka 2008, shirika la RAND lilipotathmini mafunzo ya silaha ya polisi wa New York. Katika mapambano ambamo mshukiwa alifyatua risasi, asilimia 18 tu ya risasi za polisi zilipata shabaha. Asipofyatua, zilifika asilimia 30. Hofu, giza na mwendo vyote huchangia tofauti hiyo, wala msawazo hauwezi kuieleza yote. Hata hivyo, kila risasi inayokosa mlengwa mtaani inaweza kumpata mpita njia.

Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902 chini ya maofisa wa Uingereza, na batalioni zake zikawa chimbuko la majeshi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Urithi huo unastahili kupitiwa upya, hasa pale unapotumika kumwandaa askari wa mtaani. Hatua mbili zinafaa. Kwanza, kurutu wa polisi apimwe akiwa amesimama, akigeuka na baada ya kukimbia, si akiwa ametulia tu. Pili, vyuo vifanye jaribio la wazi: makundi mawili ya kurutu yapate mafunzo na risasi sawa, moja liongezewe mazoezi ya msawazo, kisha matokeo yalinganishwe. Kusimama kwa mguu mmoja hakutumii risasi hata moja. Gharama ya kujua ukweli ni ndogo kuliko gharama ya kuendelea kukisia.