Maji ya Msimbazi na Sifa Tatu

Tuliosoma fiqhi chuoni tunakumbuka: maji yakifika kulateni hayanajisiki ila najisi iyageuze rangi, ladha au harufu. Sisi wa Mikindani twendao Dar es Salaam kwa jamaa zetu, Mto Msimbazi twaujua kwa pua kabla ya macho. Watoka vilima vya Pugu, wapita Vingunguti penye machinjio, kisha Jangwani, ukamwagika baharini kwenye Daraja la Salenda. Viwanda vya nguo navyo vilimwaga humo maji ya rangi, na bondeni mchicha walimwa.

Lakini harufu ni jambo dogo. Madini ya risasi yaliyoyeyuka majini hayana rangi wala harufu, na ulimi hauyatambui. Basi maji yaweza kuwa tahiri na yakadhuru, na dhara nayo ni haramu. Hapo mwanachuoni hana budi kumsikiliza mwenye maabara. Utafiti uliochapishwa 1988 ulipima madini mtoni humo. Wa baadaye uliyakuta katika mboga zenyewe.

Mto kufa si mwisho wake. Thames ya London ilipopimwa 1957 haikuwa na samaki pale mjini. Wakatengeneza mitambo ya maji taka, na 1974 samaki salmoni akaonekana tena. Fedha za Benki ya Dunia za 2022 kwa bonde la Msimbazi zaelekea zaidi kwenye mafuriko. Ni haki, watu wamekufa. Lakini sumu iliyolala topeni haiondoki kwa daraja refu.

Nasi Mtwara tuna gesi na saruji. Ghuba ya Mikindani na ipimwe leo, maji na tope lake, na hesabu iandikwe, wajukuu wapate cha kulinganishia.