Shahada pekee haimfanyi mhitimu kuwa mwalimu

MWANAFUNZI wa Meru au Embu anayetamani kuwa mwalimu wa shule ya upili halazimiki tena kuondoka eneo hilo kutafuta shahada ya elimu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Chuka, kilicho kando ya barabara kuu ya Embu-Meru, kilianzishwa mwaka wa 2007 chini ya Chuo Kikuu cha Egerton na kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Kile cha Embu kilianza mwaka wa 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha kikapandishwa hadhi mwaka wa 2016.

Kwa miaka mingi kabla ya hapo, vyuo vya Kigari kule Embu, pamoja na Egoji na Meru, vilikuwa vikiandaa walimu wa shule za msingi. Cheti cha P1 kilichowapa wengi riziki kimeondolewa, na tangu mwaka wa 2021 wanaojiunga na vyuo vya aina hiyo husomea stashahada.

Shahada ya elimu huchukua miaka minne. Mwanafunzi husoma masomo mawili atakayofundisha, kwa mfano Kiswahili na Historia, au Hisabati na Fizikia. Sambamba na hayo hujifunza saikolojia na falsafa ya elimu, ukuzaji wa mitaala, mbinu za kufundishia na jinsi ya kutahini.

Hata hivyo, kipimo halisi ni mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi hupelekwa shuleni, kwa kawaida kwa muhula mmoja. Huko huandaa maazimio ya kazi na andalio la kila somo, husahihisha madaftari na kushiriki shughuli nyingine za shule. Wahadhiri humtembelea na kuketi nyuma ya darasa wakimpima. Hapo ndipo hubainika kwamba kulijua somo ni jambo moja, na kumfanya mtoto alielewe ni jambo jingine.

Kuna kikwazo ambacho huwashtua baadhi ya wahitimu: kufuzu si kusajiliwa. Hakuna anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Kwa mwalimu wa shule ya upili, tume hiyo kwa kawaida hutaka gredi ya wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE, na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili anayonuia kufundisha. Aliyepata C katika mojawapo anaweza kuhitimu chuoni, kisha ombi lake la usajili likakwama baada ya wazazi kulipa karo ya miaka minne.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 na kufika sekondari ya msingi mwaka wa 2023, nao umebadilisha kazi yenyewe. Mwalimu anatarajiwa kumwongoza mwanafunzi kutenda na kugundua, badala ya kumsomea maelezo ayanakili.

Kwa hivyo, kabla ya kuchagua kozi, ni busara mzazi na mwanawe waketi na matokeo ya KCSE mkononi, wayalinganishe na masharti ya TSC, kisha wakiulize chuo masomo hayo mawili yanakubalika kwa pamoja au la.