Ufunguo Uliomo Ndani ya Taswira: Hifadhi za Vifurushi vya Linux kutoka Diski hadi Winguni, kwa Mtazamo wa Gisimenti, Kigali

Historia ya programu huria katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kwa upande wa lugha. Hutajwa mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na diski za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta hadi 2011. Swali la nani anayethibitisha kwamba programu iliyofika ndiyo iliyotumwa limeachwa kando.

Kwa mtaa kama Gisimenti, ulioko Remera karibu na Uwanja wa Amahoro, swali hilo lina uzito wa pekee. Kabla nyaya za baharini hazijatua Mombasa mwaka 2009, Rwanda, nchi isiyo na pwani, ilitegemea mno satelaiti. RINEX, kituo cha kubadilishana data kilichoanzishwa 2004, kilifupisha safari ya data za ndani. Vifurushi viliendelea kutoka ng'ambo. Nafuu ilikuwa diski moja kunakiliwa mara nyingi, na diski ipitayo mikononi mwa watu wengi haina mdhamini.

Jibu lilitoka katika mradi wa Debian, ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993. Novemba 2003 seva zake kadhaa zilivamiwa, ingawa hifadhi ya vifurushi haikuguswa. Toleo la Etch, Aprili 2007, lilikuja na APT inayokagua saini. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: faili moja hutiwa saini, faili hiyo hubeba alama za orodha za vifurushi, nazo orodha hubeba alama ya kila kifurushi. Kwa hiyo seva ya nakala, hata diski ya kuazima, haihitaji tena kuaminiwa. Kwa maeneo yenye mtandao ghali, hili lilikuwa tukio kubwa kuliko tafsiri yoyote ya menyu. Udhaifu ulihamia kwenye ufunguo: Agosti 2008, baada ya seva za Fedora kuvamiwa, mradi huo ulibadilisha funguo zake bila hata ushahidi kwamba zilitumiwa vibaya.

Wingu lilileta sura nyingine. Taswira ya mashine hufika ikiwa na funguo ndani yake, zimechaguliwa na aliyeitengeneza. Amri ya apt-key nayo ilizidisha hatari, kwani ufunguo wa muuzaji wa programu moja uliwekwa kapu moja na zote na kuweza kuidhinisha hata vifurushi vya msingi. Kipengele cha Signed-By hufunga kila ufunguo kwa hifadhi yake. Debian 12, ya mwaka 2023, ndiyo ya mwisho kuwa na apt-key.

Mwaka 2021 sheria ya Rwanda ya ulinzi wa data binafsi iliagiza data hizo zihifadhiwe nchini, isipokuwa kwa kibali. Sheria inahusu data. Seva iliyoko Kigali bado hutii masasisho yaliyotiwa saini kwa ufunguo ulioko ng'ambo. Fundi wa Gisimenti anayepakua taswira mwenyewe anaweza kulinganisha alama zake na faili yenye saini ya watengenezaji kabla ya kuiwasha. Anayekodi mashine huikuta taswira tayari ghalani mwa mtoa huduma, na hatua hiyo haimo mikononi mwake.