Waandishi wa Asia wa kuanza nao, na vitabu vilivyowaletea msukosuko

Ukimuuliza mpenzi wa vitabu akutajie mwandishi wa Asia, mara nyingi atakujibu Haruki Murakami wa Japani. Hakuna ubaya, jamaa anasomeka. Ila kama mwaka huu una nafasi ya kitabu kimoja tu, mimi nakupeleka Indonesia.

Pramoedya Ananta Toer alikamatwa mwaka 1965, wakati jeshi lilipoanza kuwasaka watu wa mrengo wa kushoto. Maktaba na miswada yake ikaharibiwa. Kuanzia 1969 alifungwa katika kisiwa cha Buru bila kufikishwa mahakamani, na miaka ya mwanzo hakuruhusiwa kuandika. Akafanya nini? Akawasimulia wafungwa wenzake kwa mdomo, kipande kwa kipande. Aliporuhusiwa kushika kalamu, masimulizi yale yakawa riwaya nne.

Ya kwanza, Bumi Manusia, ilitoka 1980, baada ya yeye kuachiwa mwaka uliotangulia. Mwaka 1981 serikali ikaipiga marufuku. Hata Max Lane, mfanyakazi wa ubalozi wa Australia mjini Jakarta aliyeitafsiri kwa Kiingereza, aliitwa arudi kwao.

Tafsiri hiyo inaitwa This Earth of Mankind. Tuko Surabaya, mwishoni mwa miaka ya 1890, Waholanzi wanatawala. Minke, kijana Mjava anayesoma shule ya Wazungu, anakutana na Nyai Ontosoroh, mwanamke aliyeuzwa na baba yake mzazi kwa Mholanzi tangu akiwa binti mdogo. Mama huyu amejifunza kusoma na hesabu hadi anaendesha biashara nzima ya yule bwana. Lakini sheria ya kikoloni haimtambui kama mke, na hata haki ya uzazi juu ya mtoto wake inabishaniwa. Mahakamani kinatokea nini? Sikuambii, soma mwenyewe.

Msomaji wa Kiswahili atapata utamu wa ziada. Minke anaandika kwa Kiholanzi, na katika riwaya ya pili marafiki wanambana: kwa nini huandiki Kimalei, lugha ambayo watu wako wanaielewa? Kimalei kilikuwa lugha ya bandarini na sokoni kabla ya kuwa msingi wa lugha ya taifa. Unaona inavyofanana na ya kwetu? Na kama umemsoma Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika riwaya kwenye karatasi za chooni akiwa gereza la Kamiti, Pramoedya hatakuwa mgeni kwako.

India kuna Perumal Murugan, anayeandika kwa Kitamil. Riwaya yake One Part Woman ni ya Kali na Ponna, mume na mke wakulima wanaopendana sana ila hawajapata mtoto. Maneno ya ndugu na majirani yanavyomchoma Ponna, utadhani imeandikwa mtaani kwenu. Kuna sikukuu ya hekalu ambayo usiku mmoja mwanamke asiye na mtoto anaweza kulala na mtu asiyemjua ili apate ujauzito, na hapo ndipo ndoa inapoingia majaribuni.

Sehemu hiyo iliwakasirisha watu wa eneo lake. Januari 2015, baada ya maandamano na shinikizo kubwa, Murugan alitangaza Facebook kwamba Murugan mwandishi amekufa. Julai 2016 Mahakama Kuu ya Madras ikamtetea, akarudi kuandika. Ukitaka kitu chepesi zaidi, tafuta Poonachi, hadithi ya mbuzi mweusi. Usiidharau kwa sababu ya mbuzi.

Han Kang wa Korea Kusini unaweza kuwa umeshamsikia: mwaka 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Asia kushinda Nobel ya Fasihi. Wengi wanaanza na The Vegetarian. Kwangu, Human Acts ndiyo kubwa. Inahusu Gwangju, mji aliozaliwa, ambako Mei 1980 wanajeshi waliwaua raia walioandamana. Kijana mdogo, Dong-ho, anahudumia maiti zinazosubiri kutambuliwa na ndugu zao. Ni kitabu kizito, usikisome ukiwa na msiba.

Na kama muda wako wa kusoma ni ule wa kwenye daladala, chukua Heart Lamp ya Banu Mushtaq, mwanasheria na mwandishi wa Kikannada kutoka kusini mwa India. Ni hadithi fupi 12 za wanawake wa familia za Kiislamu: talaka, mahari, wakwe, waume wasiosikia. Nyingine zinachekesha kabisa. Kilishinda International Booker mwaka 2025. Tafsiri ni ya Deepa Bhasthi, na majina ya vitabu vyote hapa nimeyaacha kwa Kiingereza ili ukiyaandika kwenye simu uyapate haraka. PDF sina, msiniombe.