Manowari zilizouzwa kabla ya kusafiri



Wapendwa waamini, katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anatoa mfano mfupi wa mfalme anayekabiliwa na vita. Yeye ana askari elfu kumi, na anayemjia ana elfu ishirini. Kabla ya kutoka, mfalme huyo anaketi na kufanya hesabu. Akiona hawezi, anatuma wajumbe kutaka amani wakati mwenzake angali mbali. Kwa kawaida tunauhubiri mfano huu kuhusu gharama ya kumfuata Kristo, na hiyo ndiyo maana yake ya kwanza. Juma hili, hata hivyo, napenda tuutazame kwa macho ya historia. Zipo nchi mbili jirani, zote zenye mizizi ya Kikatoliki, ambazo ziliketi na kufanya hesabu hiyo wakati manowari zilikuwa zimekwisha kuagizwa na deni limekwisha kuandikwa. Nchi hizo ni Argentina na Chile.

Argentina na Chile zinapakana kwa zaidi ya kilomita 5,000, na sehemu kubwa ya mpaka huo inafuata milima ya Andes. Mwaka 1881 zilitia sahihi mkataba uliosema kwamba mpaka utapita katika vilele virefu kuliko vyote vinavyogawanya maji. Maneno hayo yalionekana kuwa wazi, hadi wapimaji walipofika kusini, katika nyika za Patagonia. Huko vilele virefu viko mahali pamoja na mgawanyo wa maji uko mahali pengine, kwa kuwa mito kadhaa inaanzia mashariki ya milima, inaipasua na kumwaga maji yake katika Bahari ya Pasifiki. Argentina ikasema mpaka ni vilele. Chile ikasema mpaka ni maji. Kati ya mistari hiyo miwili palikuwa na ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 94,000.

Chile ilikuwa imetoka kuzishinda Peru na Bolivia katika vita vilivyoanza mwaka 1879, na jeshi lake la majini liliogopwa. Argentina, kwa upande wake, ilikuwa imetajirika kwa ngano na nyama. Kila moja ikamtazama jirani yake, ikaona hatari, ikaenda Ulaya na mkoba wa fedha. Kati ya miaka 1895 na 1898 Argentina ilinunua kutoka Italia manowari nne za deraya, zikapewa majina ya Garibaldi, San Martín, Belgrano na Pueyrredón. Chile ikaagiza zake Uingereza, katika karakana za Armstrong mjini Newcastle, zikiwamo Esmeralda na O'Higgins. Mwaka 1901 Argentina ikaagiza nyingine mbili mjini Genova, Rivadavia na Moreno. Chile ikajibu kwa kuagiza Uingereza manowari mbili kubwa zaidi, Constitución na Libertad, ambazo mikuku yake ililazwa Februari 1902. Argentina nayo ikaanza kutafuta manowari kubwa kuliko hizo.

Tazameni jinsi mashindano ya namna hii yanavyokwenda. Hakuna upande uliosema kuwa unataka vita. Kila upande ulisema kuwa unajilinda, na kila meli ya kujilinda ilipowasili bandarini, upande wa pili uliiona kuwa meli ya kushambulia. Waliofaidika bila wasiwasi walikuwa wenye karakana za Genova na Newcastle, kwa kuwa wao walilipwa vyovyote vile. Wahenga walikwisha kusema kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Wenye kulipa walikuwa wananchi. Chile ilikuwa imerudi kwenye sarafu yenye dhamana ya dhahabu mwaka 1895. Mwaka 1898, hofu ya vita ikiwa miongoni mwa sababu, ikaiacha na kurudia noti zisizo na dhamana. Mfanyakazi wa migodi ya chumvi ya naitreti, ambaye hakuwahi kuiona Patagonia, alilipia mpaka wa Patagonia kila mara noti yake ilipopungua thamani sokoni. Argentina nayo ilikuwa na madeni mazito yaliyosalia tangu msukosuko wa fedha wa mwaka 1890.

Hatimaye hesabu ikafanyika. Mwezi Februari 1899 marais wawili, Julio Roca wa Argentina na Federico Errázuriz wa Chile, walikutana Punta Arenas, katika Mlango wa Magellan, na kukumbatiana. Kukumbatiana huko hakukuzuia maagizo mapya ya meli, lakini mazungumzo hayakufa. Tarehe 28 Mei 1902, mjini Santiago, wajumbe wa pande zote mbili walitia sahihi mapatano yanayojulikana hadi leo kama Mapatano ya Mei. Walikubaliana kwamba migogoro yao itapelekwa kwa mwamuzi. Wakakubaliana pia kuziacha manowari zilizokuwa zikiundwa, kupunguza zile walizokuwa nazo, na kwa muda wa miaka mitano kutonunua nyingine bila kumjulisha jirani miezi 18 kabla.

Hapo ndipo penye ujasiri wa jambo hili. Ni rahisi kuahidi kutonunua silaha ambazo huna fedha za kuzinunua. Ni vigumu kuiuza meli uliyoilipia, ambayo wananchi wamekwisha kuipa jina la shujaa wao, wakati jirani anatazama. Waliziuza. Constitución na Libertad zilinunuliwa na Uingereza. Rivadavia na Moreno zilinunuliwa na Japani. Hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyopata kutia nanga katika bandari ya wale walioiagiza.

Mwezi Novemba 1902 Mfalme Edward VII wa Uingereza, aliyekuwa mwamuzi, alitoa hukumu yake. Alikuwa amemtuma mpimaji mzoefu, Thomas Holdich, aende akaione milima na mito yenyewe. Hukumu haikufuata vilele peke yake wala maji peke yake. Chile ilipata takriban kilomita za mraba 54,000 na Argentina takriban 40,000. Hakuna aliyepata yote, na hakuna aliyekufa kwa ajili yake.

Kanisa lilikuwa na sehemu yake. Papa Leo XIII alikuwa ameandika mwaka 1900 barua juu ya Kristo Mkombozi, na Askofu Marcelino Benavente wa Cuyo, nchini Argentina, alitaka ukumbusho wa Mkombozi usimamishwe milimani. Sanamu ya shaba ilichongwa na Mateo Alonso mjini Buenos Aires. Mama mmoja mlei, Ángela Oliveira Cézar de Costa, ndiye aliyehimiza bila kuchoka kwamba iwekwe pale mpakani, iwe alama ya amani iliyopatikana. Ilipelekwa kwa treni hadi chini ya milima, kisha vipande vyake vikapandishwa kwa nyumbu hadi urefu wa zaidi ya mita 3,800. Tarehe 13 Machi 1904 ilizinduliwa mbele ya watu wa nchi zote mbili.

Ningeweza kuishia hapa, nanyi mngesoma hadithi nzuri ya kufurahisha. Lakini historia haituruhusu. Siku sanamu ile ilipozinduliwa, vita kati ya Japani na Urusi vilikuwa vimekwisha kuanza mwezi mmoja kabla. Zile manowari mbili zilizoundwa Genova kwa ajili ya Argentina, sasa zikiitwa Kasuga na Nisshin, zilikuwa upande wa Japani, na Mei 1905 zilipigana Tsushima, ambako zaidi ya mabaharia 4,000 wa Urusi walikufa. Libertad, iliyokuwa imepewa jina la Triumph na Waingereza, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani karibu na Gallipoli Mei 1915. Vita vilivyoepukwa Andes havikuzifanya silaha zile kuwa majembe. Zilihamia tu kwenye ugomvi wa watu wengine. Nabii Isaya anasema kuwa panga zitafuliwa upya. Hasemi kuwa zitauzwa.

Hata kwa wenyewe, miaka mitano ya ahadi ilipokwisha, mashindano yalirudi. Brazili iliagiza manowari kubwa Uingereza, Argentina ikajibu mwaka 1910 kwa kuagiza mbili Marekani, na majina yake yakawa yaleyale: Rivadavia na Moreno.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja baadaye, kusini kabisa, katika Mkondo wa Beagle, ambako pana visiwa vitatu vidogo, Picton, Lennox na Nueva. Mwaka 1971 nchi hizo mbili zilikubali kwenda tena kwa mwamuzi. Mwaka 1977 hukumu ilitoka, visiwa vikawa vya Chile. Januari 1978 Argentina ikatangaza kuwa hukumu hiyo ni batili. Nchi zote mbili wakati huo zilitawaliwa na wanajeshi waliokuwa wakiwatesa na kuwapoteza raia wao wenyewe, na Marekani ilikuwa imezifungia silaha kwa sababu hiyo. Mlango mmoja ukifungwa, muuzaji mwingine hufungua wake. Argentina ilipata ndege za kivita kutoka Israeli, na manowari na makombora kutoka Ulaya. Mashambulizi yalipangwa kufanyika tarehe 22 Desemba 1978, siku tatu kabla ya Noeli.

Papa Yohane Paulo II alikuwa na miezi miwili tu katika Kiti cha Petro. Alitangaza kumtuma mjumbe wake, na majeshi yaliyokuwa tayari yakasimamishwa. Kardinali Antonio Samorè, mzee wa miaka 73, aliwasili Buenos Aires tarehe 26 Desemba, akaanza kwenda na kurudi kati ya miji mikuu hiyo miwili. Tarehe 8 Januari 1979, mjini Montevideo, pande zote zilikubali upatanisho wa Papa na kuahidi kutotumia nguvu. Upatanisho huo ulichukua karibu miaka sita. Kardinali Samorè alifariki Februari 1983, kabla ya kuona matunda ya kazi yake.

Silaha zilizokuwa zimekusanywa, je? Aprili 1982 watawala wale wale wa Argentina walivivamia Visiwa vya Falkland, ambavyo wao huviita Malvinas, na kuingia vitani na Uingereza. Uingereza ilikuwa imewauzia manowari za aina ileile iliyotumiwa na jeshi lake. Mojawapo ya manowari za aina hiyo, Sheffield, ilipigwa tarehe 4 Mei kwa kombora ambalo Argentina ilinunua Ufaransa, mshirika wa Uingereza. Siku mbili kabla, manowari ya Argentina iliyoitwa General Belgrano ilikuwa imezamishwa, wakafa watu 323. Jumla ya Waargentina 649 na Waingereza 255 walikufa katika vita hivyo, pamoja na wakazi watatu wa visiwa. Silaha iliyonunuliwa kwa kumwogopa Mchile ilimwua Mwingereza, na aliyeinunua akafa kwa silaha za rafiki wa jana.

Baada ya hapo wanajeshi waliondoka madarakani Argentina. Serikali ya Raúl Alfonsín ikawauliza wananchi wenyewe, na katika kura ya maoni ya Novemba 1984 zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walikubali mapatano. Tarehe 29 Novemba 1984 mkataba wa amani na urafiki ulitiwa sahihi Vatikani. Visiwa vilibaki vya Chile, na haki za kila nchi baharini zikapangwa. Njia mojawapo ya kuvuka mpaka ule milimani leo inaitwa kwa jina la Kardinali Samorè.

Ndugu zangu, tusiichukue historia hii kana kwamba sanamu moja au Papa mmoja alitosha. Sanamu ilikuwapo pale mlimani mwaka 1978 nayo majeshi yakasogea. Kilichofanya kazi, mara zote mbili, ni watu waliokubali kuukabidhi ugomvi wao kwa mtu wa tatu kabla ya risasi ya kwanza, na ambao baadaye walikuwa tayari kupokea pungufu ya walichodai. Yule mfalme wa Injili hakusubiri adui afike mlangoni. Alituma wajumbe adui akiwa angali mbali, kwa sababu adui akishakaribia, hata maneno mazuri husikika kama woga.

Papa Yohane XXIII alifundisha katika Pacem in Terris, mwaka 1963, kwamba amani ya kweli haiwezi kujengwa juu ya usawa wa silaha, bali juu ya kuaminiana. Wengi huliona fundisho hilo kuwa ndoto ya watu wa kanisani. Lakini walioliishi pale Andes walikuwa mawaziri wa fedha, wapimaji wa ardhi, mama mlei mmoja na Kardinali mzee aliyepanda ndege siku ya pili ya Noeli.

Nasi tunaijua mipaka. Kila parokia ina majirani ambao hawasalimiani kwa sababu ya hatua tatu za shamba, na kila mmoja ananoa panga lake akisema ni la kukatia majani. Kama kuna mmoja wenu aliye katika hali hiyo, asisubiri mavuno. Atafute mzee ambaye pande zote mbili zinamheshimu, amwombe aende akauone mpaka kwa macho yake, na wote wawili waahidi mapema kwamba watapokea atakachosema.

Katika sala zetu za juma hili tuwakumbuke wote wanaopanga bajeti za mataifa, ili Mungu awajalie moyo wa kuketi na kuhesabu. Tuwaombee pia marehemu wa vita nilivyovitaja, Warusi, Wajapani, Waargentina na Waingereza, raha ya milele uwape ee Bwana.

Nawatakieni Dominika njema.