Kipande cha Guka

Nyumbani kwa cucu, Limuru, kuna mkebe mdogo wa chuma anaowekea sindano. Una kitanzi kwa juu, kama kitu cha kuning'iniza. Nikiwa mtoto nilidhani ni mkebe wa ugoro. Mwaka jana kodi ya Nairobi iliponishinda nikarudi huko kwa miezi mitatu, na siku moja nikamuuliza. Akajibu bila kuinua macho: "Hicho ni kipande cha guka wako. Karatasi ilipotea kitambo."

Usiku huo nilikuwa nimekaa jikoni na simu, najaza wasifu wangu wa LinkedIn kwa mara ya nne. Jina. Mahali. Mwajiri wa mwisho. Ulianza lini, ulimaliza lini. Nikaangalia ule mkebe juu ya kabati, nikaangalia simu. Guka alijaziwa fomu hii hii, ila yeye alivalishwa shingoni.

Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915, lakini vita vikaichelewesha, na utekelezaji ukaanza 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Kisha zilifuata nafasi za mwajiri kujaza: amemwandika lini, kwa mshahara gani, amemwachilia lini, sahihi. Bila ile sahihi ya mwisho wewe ulikuwa mtoro, na kutoroka kazi halikuwa jambo la kupoteza mshahara tu, lilikuwa kosa la jinai. Karatasi ilikaa ndani ya mkebe, mkebe ukaning'inia kifuani. Wakikuyu waliuita mbugi, yaani ile kengele anayofungwa mbuzi.

Kilichonigusa zaidi ni nafasi ya mshahara. Mwajiri mpya alisoma ulilipwa nini na yule wa kwanza kabla hujafungua mdomo. Sasa utabishana naye vipi? Wiki hiyo hiyo mtu wa HR alikuwa ameniandikia kwa inbox, na swali lake la pili, baada ya "habari yako", lilikuwa: "Mshahara wako wa sasa ni ngapi?" Nikamwambia ukweli. Akanipa ofa ya shilingi elfu mbili juu yake. Kazi yenyewe, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wamemtengea mtu karibu mara mbili ya hiyo.

Na mtu wa HR wa kwanza nchini alikuwa nani? Chifu. Mwaka wa 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka akiwataka maafisa wa serikali na machifu wawahimize vijana waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wahimize, lilikuwa neno la ofisini. Kijijini kila mtu alijua chifu akihimiza maana yake ni nini.

Mtu aliyeuliza maswali kwa sauti kubwa alikuwa na kazi nzuri tayari. Harry Thuku alikuwa opereta wa simu katika ofisi ya hazina ya serikali, Nairobi. Mwaka wa 1921 alianza kuongoza vijana wa mjini dhidi ya kipande, dhidi ya kupunguzwa kwa mishahara, dhidi ya wasichana kulazimishwa kazi. Alipoteza kazi kwa sababu hiyo. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa, na siku mbili baadaye umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Mary Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Risasi zikapigwa, naye akafa pamoja na wengine wengi. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine walihesabu zaidi. Leo ile barabara inaitwa Harry Thuku, na nimeipita mara nyingi nikienda mahojiano, bahasha mkononi.

Lakini wafanyakazi nao walikuwa na rekodi yao, ila haikuandikwa. Kila mlowezi alikuwa na jina la utani, na jina lile lilikuwa onyo au sifa: huyu ana kiboko, huyu anachelewesha posho, huyu hana maneno. Cucu bado anakumbuka majina mawili, ambayo amenikataza kuyaandika. Mtu aliyetoka shamba fulani alimwambia anayekwenda. Kipande kilimwonyesha mwajiri wewe ni nani. Jina la utani lilikuonyesha mwajiri ni nani.

Mwaka wa 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote, na walowezi wengi wakaja juu waliposikia kwamba hata wao watachukuliwa alama za vidole. Mkebe ukaondoka, jina likabaki. Mpaka leo utasikia mtu akiita kitambulisho kipande.

Kizazi cha mamangu kilitafuta kazi kwa gazeti. Tangazo lingine halikutaja kampuni kabisa, unatuma barua kwa nambari ya sanduku la posta, nyaraka zako zote ndani, na hujui nani anazifungua. Shule ikatuandaa kwa ulimwengu huo: mimi nilifundishwa barua ya kuomba kazi na wasifukazi katika somo la Kiswahili, anwani mbili, MINT: kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Nilipata alama nzuri. Sijawahi kuituma kwa mtu yeyote.

Manake nilipoanza kutarmac, kazi zilikuwa zimehamia kwa simu. Twitter kulikuwa na #IkoKaziKE, watu wasiojuana wakirushiana nafasi. Kulikuwa na picha za vijana waliosimama kwenye mzunguko wa barabara na bango, digrii na nambari ya simu, mpaka mtu wa HR azione. LinkedIn, iliyofunguliwa Marekani mwaka wa 2003, ilileta kitu ambacho guka hangeamini: inakuambia nani amekutazama. Si wote, na asiyelipa anaonyeshwa wachache. Anayelipa, kwa kawaida mwajiri, anaona zaidi. Hapo mizani bado imelalia upande ule ule. Tangu 2020 unaweza kuzungushia picha yako duara la kijani la kusema unatafuta kazi. Mimi niliweka wiki moja nikatoa. Nilisikia mbugi ikilia.

Siku hizi simwandikii mtu wa HR kwanza. Natafuta aliyetoka kwenye kampuni hiyo, namwandikia mistari mitatu: walilipa kwa wakati? Uliondoka kwa nini? Mshahara wa nafasi kama hii ni kama ngapi? Karibu nusu hujibu, na wanaojibu husema mengi kuliko nilivyouliza. Mtu wa HR namfikia baadaye, nikiwa najua bei. Akiniuliza mshahara wa sasa, namwambia ninaotaka.

Kilichobaki kunisumbua ni mstari wa elimu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeandika tarehe za kuanza na kumaliza kana kwamba kulikuwa na gauni na picha. Hakuna aliyenilazimisha. Kalamu ilikuwa kwangu, na bado nilijaza kile nilichodhani mwajiri anataka kusoma.

Usiku ule Limuru niliubadilisha. Niliandika: miaka mitatu, sikumaliza. Halafu nikamwandikia mwanamke mmoja anayeajiri waandishi, nikamwambia hivyo kwenye mstari wa pili, nikaweka viungo vya makala zangu nne. Cucu aliuliza mbona silali. Nikamwambia naomba kazi.

"Kwa simu?"

"Kwa simu."

"Na wewe umemuuliza analipa lini?"

Asubuhi LinkedIn ikaniambia watu watatu wameutazama wasifu wangu. Mmoja alikuwa yeye. Jibu lilikuja Alhamisi: hakuwa na nafasi mwezi huo, lakini alitaka kujua makala ya tatu iliandikwa kwa siku ngapi, na huwa nalipisha vipi.