Karasha, Marudio na Mshukiwa: Mbinu za Kuandika Riwaya ya Upelelezi katika Ukanda wa Dhahabu

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianzia Unguja na kukomaa Dar es Salaam. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la hadithi la mwaka 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960 na kumtambulisha mpelelezi Bwana Msa. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, Elvis Musiba akamtuma jasusi Willy Gamba kazini katika Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha Ben Mtobwa akaja na mpelelezi wake, Joram Kiango. Urithi huo ni mkubwa, lakini umemwachia mwandishi chipukizi wa miji ya dhahabu kama Kahama, Katoro au Nyarugusu mazoea ya kuazima: bastola, hoteli ya kifahari, magari yanayofukuzana usiku. Makala hii inatetea hoja kwamba mwandishi huyo ana chanzo bora zaidi mlangoni pake, nacho ni utaratibu wa kazi ya dhahabu. Akiujua hatua kwa hatua, kisa, vidokezo na washukiwa atavipata humo humo.

Hoja hii si ngeni kwa fani yenyewe. Kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari, Abdulla alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya ya Zanzibar kwa takriban miaka kumi. Mkaguzi hulipwa kwa kuona kile ambacho mwenye nyumba amekizoea, na Bwana Msa ana jicho la namna hiyo. Arthur Conan Doyle naye alimchota Sherlock Holmes kwa mwalimu wake wa udaktari kule Edinburgh, Joseph Bell, aliyesifika kwa kumsoma mgonjwa kabla hajafungua mdomo. Mbinu ya mpelelezi ilitoka kazini kwanza, ndipo ikaingia kitabuni.

Chukua basi safari ya mfuko mmoja wa mawe. Unatolewa duarani, yaani shimoni, unahesabiwa mbele ya msimamizi, kisha mgawo unafanyika: mwenye eneo, mwenye duara, wachimbaji, kila mmoja na fungu lake. Mawe huenda karashani, kwenye mashine ya kusagia, yakasagwa kuwa unga. Unga huoshwa kwenye mwalo uliotandikwa magunia, na mchanga mzito unaonaswa huchanganywa na zebaki ndani ya karai. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa hadi libaki donge la rangi ya fedha, donge nalo huchomwa. Zebaki inaruka, dhahabu inabaki. Mchimbaji huondoka na punje yake. Ila zebaki mara nyingi huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga, na mchanga huo, yaani marudio, kwa kawaida hubaki kwa mwenye karasha au mwalo, ambaye baadaye huuuza au huupeleka kuchenjuliwa kwa sayanaidi.

Hapo pana riwaya nzima. Mwenye karasha wa kubuni anasaga mawe kwa bei ya chini kuliko majirani zake, na mtaa mzima unamsifu kwa huruma. Sura ya pili inaitaja bei hiyo katika utani wa mama lishe. Sura ya tano inaonyesha lori likipakia mchanga alfajiri. Katika sura ya nane, kijana aliyekuwa akipima sampuli za mchanga huo anakutwa amekufa. Msomaji ameonyeshwa kila kitu, ila hakuambiwa akitazame.

Ujanja huo hauwezekani kwa mwandishi anayengoja kuona hadithi itampeleka wapi. Aanze na ukurasa mmoja wa ukweli wote: nani aliua, kwa nini, saa ngapi, nani aliona nini, nani alidanganya na kwa sababu gani. Baada ya hapo ndipo apange nini kifichuliwe lini.

Ukurasa huo pia unamlinda na kishawishi kikubwa cha eneo hili. Usukuma una kumbukumbu chungu za vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na za mauaji ya watu wenye ualbino. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha mauaji hayo ya watu wenye ualbino na imani za bahati machimboni. Mganga wa kutisha akitumiwa kama pambo la kuongeza hofu, riwaya inaiuza upya imani iliyoua. Abdulla alionyesha njia nyingine: jina la kitabu chake linamtegea msomaji mzimu, lakini jibu linapatikana kwa akili. Mwandishi wa Geita anaweza kumfanya mganga mshukiwa, shahidi au kisingizio cha muuaji, ilimradi ajue tangu mwanzo ni kipi kati ya hivyo.

Kuhusu ratiba ya kuandika, Kanda ya Ziwa ina mfano wake. Eric Shigongo, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020, alijijengea jina kwa hadithi zilizotoka kwa mfululizo katika magazeti ya Global Publishers. Mfululizo unamlazimu mwandishi kukabidhi sehemu kwa tarehe na kuikata penye swali. Mwalimu au karani anaweza kujiwekea sharti hilo bila gazeti: sehemu moja kila wiki, urefu uleule, mbele ya wasomaji walewale. Mwandishi wa riwaya Anthony Trollope wa Uingereza naye alikuwa mtumishi wa posta. Aliandika alfajiri kabla ya kazi, saa ikiwa mezani, maneno 250 kila robo saa.

Wapo watakaosema kwamba msomaji wa riwaya pendwa anatafuta taharuki, si somo la madini. Lakini Novemba 2015, wachimbaji watano walitolewa hai Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Habari hiyo iliwashika watu kwa mambo madogo: mende na vyura walioliwa, maji yaliyodondoka mwambani. Taharuki ilikuwa ndani ya maelezo yenyewe. Bila shaka maelezo yasiyomsogeza mshukiwa yafutwe, na misiba ya watu halisi isinakiliwe. Lakini rasimu ikikamilika, kabla haijafika kwa mhariri, isomwe na mtu wa karashani, naye aulizwe swali moja: kwa utaratibu huu, wizi huu ungewezekana? Akisema hapana, kinachohitaji kuandikwa upya ni ule ukurasa wa kwanza wa ukweli, pamoja na sura zote zilizoutegemea.